Gari la dizeli linalozimika njiani kwa sababu ya maji kwenye mafuta: namna ya kulichunguza na kulirekebisha

Gari la dizeli lililotiwa mafuta yenye maji mara nyingi halizimiki palepale kituoni. Huondoka Arusha likiwa zima, hupita Kisongo na Makuyuni bila kukohoa, kisha likianza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu hupoteza nguvu, hutetemeka, hutoa moshi mweupe na kuzimika. Dereva akisubiri robo saa na kupiga stata, linawaka tena kana kwamba lilikuwa limechoka tu. Linakwenda kilomita mbili, linazimika. Tabia hiyo ya kuzimika na kufufuka ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa kuwa humfanya mtu aituhumu pampu, au nyaya za umeme, au joto la injini, ilhali chanzo kiko kwenye sakafu ya tangi na kinaweza kuonekana kwa macho ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kazi ya kufungua pampu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kabla mtu yeyote hajagusa tangi. Kijana wa gereji aliniambia, “Mzee, pampu hii imekwisha,” nami nikamwamini kwa sababu alilisema bila kusita. Pampu ilirudishwa, filta mpya ikafungwa, gari likafika Usa River na kuzimika. Kilichotoka chini ya tangi kesho yake kilikuwa karibu lita mbili za maji yenye rangi ya kutu. Tangu hapo nafuata utaratibu ulioandikwa hapa, ambao mpangilio wake ni wa makusudi: jambo lisilo na gharama linafanywa kabla ya lile lenye gharama.

Kwa nini maji huleta tabia hiyo

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 820 hadi 860 hivi, na lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000, kwa hiyo maji hushuka na kutanda kwenye sakafu ya tangi. Mdomo wa bomba la kunyonya mafuta hauko kwenye sakafu yenyewe bali juu yake kidogo, na ndiyo maana gari linaweza kutembea siku nzima kwenye lami tambarare likinywa dizeli safi iliyoko juu ya maji. Likipanda mlima, likirukaruka kwenye makorongo au likifunga breki kwa nguvu, maji hayo husogea, huvurugika na kuingia bombani. Likisimama, yanatulia tena chini.

Dizeli haichomwi tu; ndiyo pia inayolainisha vyuma vinavyosuguana ndani ya pampu na nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, kazi ambayo maji hayaiwezi. Kwenye magari ya zamani yenye pampu ya kawaida uharibifu huja polepole na mara nyingi huwahiwa. Kwenye magari ya komonreli, yaani yale ya kisasa yenye reli moja ya mafuta inayolisha nozeli zote, ambako mafuta husukumwa kwa mgandamizo unaozidi bar 1,000, tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye joto kali hugeuka mvuke ghafla na linaweza kuivunja. Mwenye gari la namna hiyo asijaribu kulilazimisha lifike nyumbani.

Hatua ya kwanza: simama mahali salama na uache stata

Likianza kukohoa, toka barabarani mapema wakati gari bado lina mwendo, tafuta mahali tambarare pasipo na kona, weka vibao vya tahadhari na uzuie magurudumu kwa mawe. Usiendelee kupiga stata ukitumaini kwamba litakubali. Kila mzunguko wa injini unavuta maji zaidi kutoka tangini kwenda kwenye filta, na yakishaijaza filta yanaelekea kwenye pampu. Kulisukuma ili liwake kwa gia kuna hasara ileile, na vijana wanaojitolea kusukuma watakuchosha bure.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba ni maji

Anza kwa maswali kabla ya spana. Mafuta yalijazwa lini, wapi, na kwa pampu ya kituo au kwa dumu? Je, tatizo lilianza kilomita chache baada ya kujaza? Je, mvua kubwa ilinyesha, gari lilivuka mto, au lilioshwa kwa mashine ya maji ya nguvu huku mfuniko wa tangi ukiwa haujakaa vizuri? Gari lililoanza kusumbua saa hiyohiyo ya kujaza mafuta karibu limejitaja lenyewe. Lililoanza kusumbua polepole kwa majuma kadhaa huenda lina tatizo jingine kabisa.

Kisha angalia jinsi linavyozimika. Likizimika ghafla kana kwamba mtu amezungusha swichi, bila kukohoa wala kutoa moshi, tazama kwanza solenoidi, yaani vali ya umeme ya kukata mafuta, iliyo kwenye pampu: washa swichi bila kupiga stata, na mtu mwingine asikilize karibu na pampu kama kuna mlio mdogo wa “tik”. Kama haupo, kagua waya na fyuzi. Likipoteza nguvu kwenye mlima lakini likaunguruma vizuri likiwa limesimama, filta iliyoziba ni mtuhumiwa wa karibu. Likiwaka kila unapopiga pampu ya mkono na kuzimika baada ya dakika mbili, pengine linavuta hewa kwenye mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Fungua pia mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likawaka na kuendelea vizuri mfuniko ukiwa wazi, tundu la kupumulia limezibwa na vumbi, udongo au kiota cha mdudu, na kazi yako imekwisha bila kushika filta.

Maji yana sura yake: kukohoa kusiko na mpangilio, mgongano wa chuma ndani ya injini unaokuja na kuondoka, moshi mweupe, na mara nyingi taa ya onyo ya maji kwenye dashibodi. Taa hiyo isikose kuaminiwa inapowaka, lakini kutowaka kwake si ushahidi wa chochote, maana kwenye magari mengi ya miaka mingi waya wake ulikwishakatika, na kwenye mengine mtu alifunga filta isiyo na kihisi.

Hatua ya tatu: kipimo cha chupa

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi, kavu kabisa ndani, maana chupa yenye matone ya maji ya kunywa itakudanganya. Iweke chini ya filta au sedimenta (kikombe cha kutenga maji na mafuta), fungua kwa mkono kizibo kilicho chini yake mizunguko miwili hivi, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka mafuta yaanze kutoka. Kusanya kiasi cha nusu chupa, funga kizibo, na uiache chupa imesimama mahali tambarare kwa dakika ishirini.

Dizeli safi inang'aa na unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Yenye maji mengi itajigawa, na mpaka kati ya maji yaliyo chini na mafuta yaliyo juu utaonekana kama mstari. Iliyovurugwa na safari ndefu itakuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, nayo inahitaji muda mrefu zaidi, hata usiku mzima, kabla ya kujigawa. Usiitangaze kuwa safi kwa sababu tu hukuona mstari ndani ya dakika tano. Ukiinamisha chupa polepole, matone ya maji hutembea chini kama shanga.

Kama bado una shaka, chukua chembe chache za rangi ya unga ya chakula, ile ile inayotiwa kwenye ubuyu, na uzidondoshe ndani ya chupa. Rangi hiyo huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye dizeli. Chini kukigeuka pekundu, una maji. Chembe zikikaa chini kavu kama mchanga, huna. Kipimo hiki hugharimu kidogo sana, na kimewahi kumaliza ubishi kati ya dereva na mwenye gari ambao ungefika mbali.

Tazama pia kama kuna utando mweusi unaoteleza kwenye mpaka wa maji na mafuta. Huo ni uoto wa vijidudu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na maana yake ni kwamba maji hayakuingia jana. Tangi la namna hiyo litalazimika kushushwa na kuoshwa. Kulimwaga tu hakutatosha.

Hatua ya nne: kumwaga maji ya filta ili kutoka mahali pabaya

Nafasi ya maji chini ya filta ni ndogo, kiasi cha kikombe cha chai au pungufu. Kwa gari lenye pampu ya kawaida, kumwaga maji hayo, kubonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, na kusubiri maji ya tangini yatulie kunaweza kukupa kilomita chache za kufika kijiji kilicho karibu. Nenda polepole, usikanyage mafuta kwa ghafla, na ukiona dalili zinarudi simama umwage tena. Si tiba. Fanya hesabu ndogo: tangi la lita 90 lenye asilimia moja tu ya maji limebeba mililita 900, yaani lita moja kasoro kidogo, na hiyo inatosha kujaza nafasi ya chini ya filta mara kadhaa. Wanaobadilisha filta na kuondoka, kisha wakairudia kazi hiyo Boma Ng'ombe na tena Himo, wanaulipia uchafu ambao bado uko tangini.

Kwenye gari lenye matangi mawili, kama Land Cruiser kadhaa za kubebea watalii, usihamie tangi la pili kabla ya kumwaga filta. Na kama yote mawili yalijazwa kituo kimoja siku moja, lione la pili kuwa na maji mpaka chupa iseme vinginevyo.

Kuna ushauri wa barabarani unaopaswa kukataliwa kwa heshima. Wapo watakaokuambia utie petroli au spiriti tangini ili “ikaushe” maji. Petroli inapunguza uwezo wa dizeli kulainisha pampu, na spiriti inayachanganya maji na mafuta hivi kwamba yanapita kwenye filta badala ya kuzuiwa nayo. Zote mbili huyafanya mafuta yashike moto kwa urahisi zaidi. Maji yaliyotulia chini ni adui anayeonekana, ukiyachanganya umemficha.

Hatua ya tano: kumwaga tangi

Liache gari usiku mzima mahali tambarare, bila kulitikisa, ili maji yote yashuke. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, ondoa betri kwenye nyaya, hakikisha hakuna jiko, sigara wala kazi ya kuchomelea karibu, weka beseni pana chini ya tangi na ulegeze bolti ya kumwagia iliyo chini yake. Legeza kidogo tu mwanzoni, uache yatoke polepole, kwa maana kinachotoka kwanza ndicho unachokitafuta: maji, kutu na matope. Kusanya vikombe vya kwanza kwenye chupa, uvitunze. Endelea kumwaga mpaka sampuli tatu mfululizo ziwe zinang'aa. Tatizo likiwa kubwa, mwaga tangi lote.

Gari lisilo na bolti ya kumwagia linahitaji pampu ya mkono na mpira mwembamba unaofika sakafuni mwa tangi. Usinyonye kwa mdomo. Najua kila gereji ya Unga Limited na ya Majengo ina mtu anayefanya hivyo tangu utotoni, lakini dizeli ikipita njia ya pumzi kuingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya, na aliyeimeza hatakiwi kutapishwa bali kupelekwa hospitali.

Mafuta machafu yasimwagwe chini. Moshi na vitongoji vyake vina mifongo inayopeleka maji kwenye migomba na kahawa za watu, na Arusha ina mito inayopita katikati ya makazi. Tia kwenye madumu yenye mifuniko, yaache yatulie, kisha sehemu safi ya juu inaweza kuoshea vyuma gereji. Binafsi siirudishi tena kwenye injini, na kwenye komonreli sithubutu hata kuiwaza.

Kabla ya kurudisha bolti, badilisha washa yake ya shaba, na umulike ndani ya tangi kwa tochi isiyotoa cheche. Kutu inayobanduka kwa vipande haimwagiki. Tangi hilo lishushwe.

Hatua ya sita: mabomba na filta

Maji yanabaki pia kwenye bomba la kwenda kwenye injini na kwenye bomba la kurudisha mafuta tangini, na hili la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. Fungua bomba la kwenda kwenye injini kwenye ncha zake zote mbili, ulipulize kwa upepo wa nguvu ndogo kuelekea upande wa tangi, mdomo wake ukiwa ndani ya dumu. Bomba la kurudisha litoe tangini na ulielekeze kwenye dumu. Liache hivyo mpaka injini iwake na kuunguruma kwa robo saa, ili maji yaliyobaki kwenye pampu yatokee nje badala ya kurudi pale ulipoyatoa kwa taabu.

Filta ibadilishwe. Karatasi yake ikishalowa maji haifai tena, hata kama ilifungwa juma lililopita. Pakaza dizeli safi kwenye mpira wa filta mpya, uizungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha uikaze robo tatu ya mzunguko bila spana. Sedimenta iliyo pembeni nayo ifunguliwe, ioshwe, na oringi yake ibadilishwe, vinginevyo utaondoa maji na kuingiza hewa.

Hatua ya saba: kutoa hewa

Tia dizeli safi lita 20 hivi kutoka kituo kingine, na uipime kwa chupa kabla ya kuitia. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kabisa. Hili huhitaji kubonyeza zaidi ya mara hamsini kwenye bomba lililokauka, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Magari yenye pampu ya umeme tangini hujazwa kwa kuwasha na kuzima swichi mara kadhaa bila kupiga stata.

Kwenye injini za zamani kama 1HZ na 5L, kama bado haiwaki, legeza nati za mabomba ya nozeli mbili, mwenzako apige stata, na uzikaze mara mafuta yanapotoka bila mapovu. Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, na ipumzishwe dakika moja au mbili kati ya mara na mara.

Kwenye injini ya komonreli usilegeze nati hizo kamwe injini ikizunguka. Mafuta yanayotoka pale hupenya ngozi kama sindano, kidonda chake huonekana kidogo sana, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono kwa kukidharau. Gari hilo likigoma baada ya tangi, mabomba na filta kuwa safi, lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupima, apime mgandamizo wa reli na kiasi cha mafuta yanayorudi kutoka kwenye kila nozeli. Hapo ndipo pesa ya pampu au nozeli inaweza kuzungumzwa.

Likiwaka, usilizime. Maji yaliyobaki ndani ya pampu yakilala humo yanaleta kutu, na dizeli safi inayopita ndiyo inayoyaosha. Liache liungurume robo saa, kisha rudisha bomba la kurudisha mafuta mahali pake.

Hatua ya nane: safari ya majaribio

Barabara tambarare haithibitishi kitu. Ukiwa Moshi, panda kutoka Himo kwenda Marangu. Ukiwa Arusha, panda kuelekea Ilboru, mahali ambapo tangi litainama na injini itabeba mzigo. Ukirudi, mwaga tena chini ya filta ndani ya chupa. Rudia baada ya kilomita 100, kwa kuwa maji yaliyojificha kwenye pembe za tangi hujikusanya polepole.

Maji yalitoka wapi

Watu hupenda kuulaumu unyevu wa hewa. Ni kweli kwamba Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi mwezi Juni na Julai, na tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani. Kwa hiyo kulijaza jioni ni desturi nzuri. Hata hivyo sijawahi kuamini kwamba jasho hilo linajaza lita mbili. Maji mengi kiasi hicho huingia kwa madumu yaliyooshwa bila kukaushwa, kwa tangi la chini ya ardhi la kituo lililoingiwa na mvua za masika, au kwa mfuniko mbovu.

Ukishuku kituo, chupa yako ya kwanza iwe imefungwa, imeandikwa tarehe, namba ya gari na saa ya kujaza, na iambatane na risiti. Malalamiko hupelekwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Vinasaba, yaani kemikali za utambulisho zilizoanza kutiwa kwenye mafuta mwaka 2010, vinasaidia kutambua mafuta yaliyochakachuliwa au kukwepa kodi, lakini havisemi lolote kuhusu maji, kwa hiyo kituo kuonyesha kwamba mafuta yake yana vinasaba hakujibu swali lako. Na kabla hujakwenda huko, kagua mpira wa mfuniko wa tangi lako: ukiwa umekauka, umepasuka au haupo, badilisha huo kwanza.